Treetops ya Nyeri: nani ataifufua, na kwa kumbukumbu ya nani?

Mfalme Charles wa Tatu wa Uingereza aliondoka Mombasa tarehe 3 Novemba 2023, akiwa amemaliza ziara ya siku nne nchini Kenya. Alionekana katika Bustani za Uhuru jijini Nairobi, katika msitu wa Karura, kwenye makaburi ya wanajeshi waliofia vitani na katika ngome ya Fort Jesus. Nyeri hakufika. Hata kama angetaka kupanda hadi kule, nyumba ya wageni ambamo mama yake aliingia akiwa binti mfalme na kutoka akiwa malkia isingeweza kumpokea. Treetops, iliyo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare, ilifunga milango wakati wa janga la corona na hadi Novemba 2023 ilikuwa haijaifungua tena.

Elizabeth wa Pili alipofariki dunia tarehe 8 Septemba 2022, waandishi wa habari wa mataifa mengi walikumbuka ghafula jina la nyumba hiyo. Picha za zamani zilichapishwa upya, hadithi ikasimuliwa kwa mara ya elfu, kisha kimya kikarudi. Tangu hapo swali la kuifufua limebaki likielea: je, ni hoteli iliyofilisika, inayomsubiri mwekezaji, au ni urithi wa taifa, unaoisubiri serikali? Na kama ni urithi, ni urithi wa nani?

Kwa sisi tulio upande huu wa Malaba na Busia, jambo hili si geni kama linavyoweza kuonekana. Jioni ya tarehe 6 Februari 1952 malkia mpya alirushwa kwa ndege kutoka Nanyuki hadi Entebbe, akakawia uwanjani kwa sababu ya dhoruba ya mvua na radi, kisha akapanda ndege ya kumrudisha London. Safari ya kwanza ya utawala wake uliodumu miaka 70 ilipitia katika ardhi ya Uganda. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Aprili 1954, alirudi kulizindua bwawa la umeme la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo tunaliita Nalubaale. Hazikupita siku 30 tangu uzinduzi huo, Treetops ikateketea kwa moto.

Ni vyema kueleza kwanza nyumba yenyewe ilikuwa nini. Eric Sherbrooke Walker alikuwa Mwingereza aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell, mwasisi wa maskauti. Kabla ya kufika Kenya alijipatia fedha kwa kusafirisha pombe ya magendo kuingia Marekani, enzi ambapo pombe ilipigwa marufuku huko, na akaandika kitabu juu ya biashara hiyo kwa jina la bandia. Yeye na mkewe, Lady Bettie, binti wa ukoo wa kikabaila, walijenga hoteli ya Outspan mjini Nyeri mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1932 wakaongeza mchezo mdogo: kibanda cha vyumba viwili juu ya mti mkubwa msituni, kando ya bwawa ambako wanyama huja kunywa maji na kulamba chumvi. Wageni wa Outspan walipelekwa huko kulala usiku mmoja, wakikesha kimya kuwatazama tembo, vifaru na nyati.

Mti uliobeba kibanda hicho ulikuwa wa jamii ya mikuyu, ule ambao Wakikuyu huuita mugumo. Asiyewajua Wakikuyu anaweza kudhani ni mti kama miti mingine. Chini ya mugumo wazee waliomba mvua, walichinja kondoo wa kafara na kumwelekea Ngai aliye juu ya Kirinyaga. Kwamba mahali pa starehe ya walowezi palipachikwa juu ya mti wa aina hiyo ni jambo ambalo vitabu vya watalii hulipita haraka, na wakati mwingine hulitaja kama pambo tu.

Habari ya usiku wa tarehe 5 Februari 1952 inajulikana vya kutosha. Elizabeth alikuwa na umri wa miaka 25. Yeye na mumewe Philip walitembea kwa miguu hatua za mwisho kuufikia mti, tembo wakiwa karibu, wakapanda ngazi. Jim Corbett, mwindaji maarufu wa chui na simbamarara wa India aliyekuwa amehamia Nyeri uzeeni, alikesha akilinda. Mfalme George wa Sita alifariki usingizini kule Sandringham usiku huo huo. Binti yake aliteremka asubuhi bila kujua lolote. Habari ilimfikia mchana, akiwa Sagana, katika nyumba ambayo koloni la Kenya lilimpa kuwa zawadi ya arusi. Corbett ndiye aliyeandika katika kitabu cha wageni maneno ya kumsifu msichana aliyepanda mti akiwa binti mfalme na kushuka akiwa malkia, na maneno hayo ndiyo yaliyoifanya nyumba ya vyumba vichache kuwa jina la dunia nzima.

Kilichofuata hakijulikani sana, au tuseme hakisimuliwi kwa sauti ile ile.

Tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo wa 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Nyeri ilikuwa kitovu cha vita. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, aliongoza wapiganaji wa Mau Mau waliojificha katika msitu wa Aberdare, milima ambayo wenyeji huiita Nyandarua. (Jina la Aberdare ni la bwana mkubwa wa chama cha jiografia cha London, lililobandikwa na mpelelezi Joseph Thomson.) Msitu ulitangazwa kuwa eneo la marufuku: aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Ndege za kivita za Uingereza ziliudondoshea mabomu. Raia wa vijijini walilazimishwa kuchimba handaki kuuzunguka mpaka wake ili chakula kisiwafikie waliokuwa ndani. Askari wa kikosi cha KAR waliitumia nyumba ya Treetops kama mahali pa kutazamia msitu. Tarehe 27 Mei 1954 wapiganaji waliichoma, na mti wake pamoja nayo.

Mtu anaweza kuusoma moto huo kama kisasi dhidi ya ufalme. Nionavyo, sababu ya kijeshi inatosha: mwenye kujificha msituni hawezi kuuacha mnara wa adui usimame juu ya kichwa chake. Hata hivyo, mshindo wake ulikuwa mkubwa kuliko nyumba yenyewe, kwa sababu jina lilikuwa limekwisha kuzunguka dunia.

Kimathi alijeruhiwa na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Alizikwa ndani ya gereza, katika kaburi lisilo na alama. Treetops ilijengwa upya mwaka huo huo wa 1957. Haikurudi juu ya mugumo, kwani mugumo haukuwapo tena. Ilisimamishwa mahali pengine karibu na bwawa lile lile, juu ya nguzo nyingi za mbao, ikiwa kubwa zaidi na yenye baa, ukumbi wa chakula na baraza za kutazamia wanyama. Malkia alipokwenda kuizuru tena Novemba 1983, nyumba aliyoiingia haikuwa ile aliyolala, wala haikuwa mahali pale pale.

Hapo ndipo mjadala wa kuifufua unapokwama mara nyingi. Wasemao kwamba nyumba ilindwe kwa kuwa ndimo Elizabeth alimokuwa malkia wanalinda kitu ambacho kiligeuka majivu mwaka 1954. Jengo lililofungwa wakati wa corona ni mrithi wa lile la kwanza, lililohamishwa na kukuzwa, kisha likafanyiwa ukarabati zaidi ya mara moja. Ukarabati wa karibuni wa kutajika ulikamilika mwaka 2012, malkia alipotimiza miaka 60 ya utawala. Wapo wanaotumia hoja hiyo hiyo kusema basi liachwe lioze, kwa kuwa si la asili.

Siikubali hoja hiyo, na Uganda ina mfano wa kuipima. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliliteketeza jengo la Muzibu Azaala Mpanga katika makaburi ya Kasubi, walikolazwa wafalme wanne wa Buganda. UNESCO iliyaweka makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka huo huo. Ilichukua miaka 13 ya ujenzi, mabishano, fedha za ndani na msaada wa Japani, hadi Septemba 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha hiyo. Hakuna aliyedai kwamba nyasi za leo ni zile za enzi za Muteesa wa Kwanza. Wala jengo lililoungua halikuwa la asili tupu. Lilikuwa limejengwa upya mwaka 1938. Kilichorudishwa ni maarifa ya waezekaji wa ukoo wa Ngeye, miiko ya kazi yao, na uhusiano wa watu na mahali. Hivyo vilikuwa hai, na ndivyo vilivyolipa jengo jipya uhalali wake.

Basi swali la kuiuliza Treetops si umri wa mbao zake. Ni lipi bado liko hai pale, ambalo jengo likirudi litalibeba? Kwa hesabu yangu yako mawili. Moja ni kutazama wanyama kutoka juu, usiku, bila gari na bila kelele, desturi iliyoanzia pale na kuigwa kwingine. The Ark, iliyo katika mbuga hiyo hiyo, ni mtoto wa wazo hilo. Lingine ni historia ya msitu wenyewe, ambayo kwa miongo mingi imesimuliwa nusu. Mgeni aliyelala Treetops alionyeshwa picha za malkia ukutani. Habari ya moto aliipata kwa sentensi moja, kana kwamba ulikuwa ajali ya jikoni.

Biashara ya zamani haiwezi kurudi kama ilivyokuwa. Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2 kutoka nje mwaka 2019. Mwaka 2020 hawakufika laki 6. Kwa pigo hilo, kufungwa kwa nyumba ndogo ya mlimani kunaeleweka. Lakini mwaka 2022 wageni walikuwa wamekwisha kurudi hadi karibu milioni moja na nusu, na Treetops haikurudi pamoja nao. Corona ilikuwa dhoruba ya mwisho juu ya paa lililokuwa likivuja. Nyumba iliuza usiku mmoja tu, vyumba vyake vilikuwa vidogo kwa kipimo cha watalii wa siku hizi, na wateja wake wa asili, Waingereza waliokulia katika hadithi ya 1952, wanapungua kila mwaka. Mgeni kijana anayefika Nairobi huenda Maasai Mara kabla ya kuisikia Nyeri, na pengine asiisikie kabisa.

Kuna pia jambo la mazingira, ambalo wanaopenda picha nzuri hawalipendi. Chumvi na maji viliwavuta tembo na nyati wengi mno mahali pamoja. Kwa miaka mingi walivunja na kukanyaga miti, hata nyumba iliyoitwa Vilele vya Miti ikajikuta imesimama kwenye uwanja ulio karibu mtupu. Uzio wa umeme wa takriban kilomita 400 kuizunguka Aberdare, uliokamilika mwaka 2009, umesaidia sana kuwatenganisha wanyama na mashamba ya wakulima na kupunguza ujangili na ukataji miti. Hauwezi lakini kurudisha mti mahali ambapo tembo huitwa kila usiku kwa chumvi. Ufufuaji wowote wa kweli utaanza ardhini kwa miche ya asili, na kwa uamuzi juu ya chumvi hiyo, kabla seremala hajapanda ngazi. Maji ya milima hii huingia katika mito ya Tana na Athi, na kutoka huku ndiko Nairobi inakopata sehemu kubwa ya maji yake. Kwa hiyo msitu una thamani kuliko nyumba, na anayetaka nyumba lazima akubali hilo.

Nani basi mwenye kuamua? Sheria ina majibu mengi, na huenda ndiyo sababu hakuna aliyeamua. Ardhi ya mbuga ya taifa ni ya umma na iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS. Mwendesha hoteli ndani ya mbuga ni mpangaji, na mpangaji asiye na uhakika wa kesho hawekezi fedha katika nguzo za nyumba isiyo yake. Katiba ya mwaka 2010 iliyaacha makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali kuu, lakini utalii wa mahali na majumba ya makumbusho ya kaunti ukakabidhiwa kaunti. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza katika Gazeti la Serikali kwamba jengo la kihistoria linalindwa. Kwa hiyo iko wizara ya utalii na wanyamapori, wizara yenye dhamana ya urithi, KWS, makumbusho ya taifa, kaunti ya Nyeri na mwenye biashara. Wahenga walisema mtoto wa wengi hulala njaa.

Katika wote hao, kwa maoni yangu wa kusukumwa kwanza ni KWS, kwa kuwa bila mkataba wa upangaji wenye muda mrefu na masharti ya wazi wengine wote watabaki kutazamana. Masharti hayo yanaweza kudai mambo ambayo soko peke yake halidai: jengo lipunguzwe badala ya kuongezwa, sehemu ya mapato iende kwa vijiji vilivyo nje ya uzio, nafasi za watoto wa shule zitengwe, na chumba kimoja kiwe cha historia kamili ya msitu tangu mugumo hadi moto. Ukumbi wenye picha ya malkia upande mmoja na habari za Kimathi upande wa pili ungemvuta mgeni kuliko kitanda chochote alichowahi kulalia mtu maarufu.

Pingamizi la Wakenya wengi linastahili kusikilizwa. Kwa nini taifa litumie hata shilingi moja kuirudisha starehe ya walowezi, wakati Mukami Kimathi, mjane wa Dedan, alifariki Mei 2023 bila kuonyeshwa kaburi la mumewe? Aliiomba serikali moja baada ya nyingine imsaidie kuyapata mabaki hayo, ayazike kwa heshima. Mahakama za kikoloni ziliwanyonga watu 1,090 katika miaka ya vita hivyo. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa jumla ya pauni milioni 19.9, na miaka miwili baadaye mnara wa kuwakumbuka ukafunguliwa Nairobi. Katika karamu ya tarehe 31 Oktoba Mfalme Charles alilaani ukatili uliotendeka na kusema hauna udhuru. Neno la kuomba msamaha hakulitamka.

Pingamizi hilo ni zito, lakini lina shimo moja. Likifuatwa hadi mwisho, nyumba itaporomoka yenyewe na hadithi ya malkia itabaki salama kabisa katika vitabu, filamu na tovuti za Ulaya, ambako haihitaji nguzo za mbao. Itakayopotea ni nafasi ya kuisimulia hadithi ya pili pale pale ilipotukia, kwa mgeni aliyekuja kwa ajili ya ile ya kwanza. Waliojenga upya mwaka 1957 walikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba hakuna kilichobadilika. Safari hii wajenzi wanaweza kuwa wajukuu wa waliochimba handaki.

Muda lakini hauko upande wa mbao. Nyumba iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye ukungu na unyevu, na mvua za El Niño zilizonyesha Afrika Mashariki mwaka 2023 si za kuihurumia. Bila moto jikoni na bila mtu wa kufungua madirisha, nguzo hula maji kutoka chini na mchwa humaliza kazi. Gharama ya kuirekebisha leo si gharama ya miaka mitano ijayo.

Ipo kazi moja ambayo haihitaji mkataba, tangazo la Gazeti wala mwekezaji. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 msitu ulipowaka mwaka 1954 alikuwa na miaka 89 mwaka 2023. Katika vijiji vya Tetu na Mweiga bado wako wazee wa rika hilo, na wako pia wapishi, madereva na waongozaji waliofanya kazi Treetops kwa miaka mingi na kurudishwa makwao ilipofungwa. Mtu mwenye kinasa sauti na anayejua Kikuyu na Kiswahili anaweza kuanza nao kesho asubuhi.